Siku tatu Nairobi na mzee wangu wa reli: tuanzie wapi?

BintiChumbageni:
Habari za humu, wapendwa. Naomba msaada wa wenyeji wa Nairobi na wote waliowahi kuutembea mji huo.

Mwezi ujao, Julai, naja na baba yangu kwa siku tatu. Tunatoka Tanga kwa basi, tunalala Arusha, asubuhi tunavuka Namanga. Baba ana miaka 75. Aliingia kazini mwaka 1971, enzi za East African Railways, fundi wa breki za mabehewa. Jumuiya ilipovunjika 1977 alibaki na shirika letu mpaka akastaafu. Barua yake ya kuajiriwa bado anayo, imehifadhiwa kwenye mfuko wa nailoni, na juu imeandikwa Nairobi, maana makao makuu yalikuwa huko. Miaka yote hiyo hajawahi kukanyaga.

Magoti yake hayawezi ngazi nyingi. Fedha yetu ni ya kawaida, zile ziara za kulipia kwa dola hatuziwezi. Kila ninayemuuliza ananiambia Nairobi ni ya kupita tu, kuna foleni na vibaka, bora niende Mombasa. Mimi ni mtu wa pwani, bahari ninayo mlangoni. Nataka baba auone mji wenyewe. Tuanzie wapi?

Msafiri wa South B:
Karibuni sana dada, na mzee umpe shikamoo yangu.

Kwanza baridi. Julai asubuhi ni nyuzi 11 au 12, na siku nyingine jua halionekani hadi saa nane. Mji uko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Mtu wa Tanga aje na sweta nzito, soksi na kofia. Usiseme utanunua ukifika.

Pili, siku moja ipeni mbuga. Nairobi National Park ni ya mwaka 1946, ndiyo ya kwanza Kenya, kilomita za mraba 117, na kutoka katikati ya mji ni mwendo mfupi tu. Kubalianeni bei na mwenye teksi jioni, muwe langoni saa kumi na mbili asubuhi. Simba, faru, nyati na twiga wapo, na nyuma yao mnaona maghorofa. Ndovu wa porini hakuna humo. Ukitaka ndovu, kuna watoto yatima wa ndovu wanaolelewa na shirika la Sheldrick pembeni mwa mbuga. Wageni huingia saa tano hadi saa sita tu, na ni lazima ubuki mapema. Mbugani hawapokei pesa taslimu, na bebeni pasipoti kwa sababu raia wa Afrika Mashariki hatulipi kama Mzungu.

MwanaKibokoni:
Dada, mimi ni wa Kibokoni, Mombasa. Nilikuja Nairobi 2009 kwa ajili ya kazi na mwaka wa kwanza sikuupenda kabisa. Nilikuwa naujua mji kupitia dirisha la matatu: kelele, moshi, makanga (kondakta) anagonga bati. Nilianza kuupenda Jumapili moja asubuhi nilipoamua kwenda tao, yaani katikati ya mji, kwa miguu, bila shughuli yoyote. Kwa hiyo sikubaliani na wanaokwambia mji wa kupita. Hao wameupita kweli, hawajashuka.

Anzeni Msikiti wa Jamia, kuba zake tatu na minara miwili, katikati ya maduka. Ubavuni kwake kuna maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931, na simba wa mawe wamelala mlangoni. Hata mkiiona kwa nje inatosha. Kutoka hapo teremkeni polepole hadi sanamu ya Dedan Kimathi, yule kiongozi wa Mau Mau, iliyosimamishwa 2007, miaka 50 tangu anyongwe. Amesuka nywele, ameshika bunduki, na watu hupeana miadi chini yake. Vukeni hadi Moi Avenue mumwone Tom Mboya, yule waziri. Sanamu yake iko karibu kabisa na pale alipopigwa risasi Julai 1969. Mzee wako atakuwa anaikumbuka habari hiyo redioni.

Mkiifuata Moi Avenue hadi inapokutana na Haile Selassie, kuna bustani ya kumbukumbu ya bomu la ubalozi wa Marekani la tarehe 7 Agosti 1998. Waliokufa Nairobi ni 213 na majina yao yamechongwa ukutani. Mimi hukaa pale dakika kumi kila nikipita. Viti vipo, mzee atapumzika.

Na baada ya hapo, dada yangu, mmebakiza hatua chache tu kufika stesheni. Nenda na baba yako Makumbusho ya Reli. Usiyaweke ya mwisho. Mji huu ulianza kama kambi ya reli mwaka 1899. Kabla ya hapo Wamaasai walikuwa na jina la maji baridi tu. Mtu wa reli aingie Nairobi kwa mlango wa reli.

Msafiri wa South B:
Hilo la reli nilisahau na ndilo lililofaa kuwa la kwanza. Nimekubali.

Niongeze chakula: siku moja mchana nendeni soko la Kenyatta. Utapita katikati ya wasusi wanaokuita kila upande, halafu unafika kwenye nyama choma. Chagua nyama kwa macho yako, ipimwe kilo mbele yako, mngoje na chai.

BintiChumbageni:
Wapendwa, tumerudi salama Tanga tangu Ijumaa. Nilisema nitaleta mrejesho.

Tulifuata njia ya dada wa Kibokoni, ila tuliigeuza, kwa sababu baba aliposikia stesheni iko karibu hakutaka kuona msikiti wala sanamu kwanza. Tulifika makumbusho ya reli asubuhi, tukatoka saa tisa alasiri.

Ndani kuna sahani na vijiko vya behewa la chakula, taa za ishara, simu za kuzungusha, picha za vibarua wa Kihindi waliotandika reli. Nje ndipo penyewe. Vichwa vya treni vimesimama kwenye nyasi, na mkubwa kuliko vyote ni ule wa aina ya 59, uliotengenezwa Manchester, tani zaidi ya 250. Ubavuni una jina: Mount Gelai. Baba alilisoma kwa sauti mara mbili. Gelai ni mlima wetu, uko karibu na Ziwa Natron. Akaniambia vichwa hivyo vilifanya njia ya Mombasa na Nairobi, wao Tanga walivisikia tu kwa madereva, na hakudhani atakuja kuona kimoja uzeeni. Aliinama, na magoti yale yale, akashika bomba la breki kwa kiganja kizima. Sikupiga picha. Nilikuwa na simu mkononi na sikuweza.

Tuliona na lile behewa la Ryall. Alikuwa afisa wa polisi wa reli. Mwaka 1900, stesheni ya Kima, alikesha behewani akimvizia simba aliyekuwa anakula watu, usingizi ukamchukua, simba akaingia akamtoa kwa dirishani. Baba aliwahi kuisikia hadithi hiyo kwa wazee wa karakana na alidhani ni ya kutishia wanafunzi wa kazi. Dirisha lipo. Mfanyakazi mmoja wa pale alipojua mzee ni fundi wa breki alivuta kiti, wakaongea majina ya stesheni: Kahe, Taveta, Voi. Walimaliza njia nzima kwa mdomo.

Makumbusho ya taifa tulikwenda siku ya pili. Nilichokipenda ni sanamu ya Ahmed, yule tembo wa Marsabit aliyewekewa ulinzi kwa amri ya Rais Kenyatta mpaka alipokufa 1974. Pembe zake nusura ziguse chini. Na mifupa ya yule kijana wa Turkana, binadamu wa kale aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu 1984, miaka milioni moja na nusu na zaidi, mbele yako hivi. Kwa Sheldrick nilichelewa kubuki, nafasi zilikuwa zimejaa. Wenzangu msifanye hivyo, bado inaniuma.

Foleni ipo kweli. Siku ya kwanza jioni tulikaa garini saa nzima mahali ambapo tungetembea dakika ishirini. Kuibiwa hatukuibiwa, simu niliiweka mbali na dirisha kama kila mtu alivyotuonya, hata makanga mwenyewe.

Mbuga tuliingia siku ya tatu, alfajiri, ukungu umetanda. Faru wawili walikuwa karibu na barabara. Wakati dereva anatuonyesha, treni ya mizigo ikapita juu ya lile daraja refu la SGR, reli mpya, linalokatiza mbugani. Baba aliwaacha faru akageukia treni, akahesabu mabehewa mpaka la mwisho, kisha akasema yale magurudumu yanalia vizuri, breki zake zimetunzwa.

Sasa anataka mwakani twende kwa hiyo SGR kutoka Nairobi hadi Mombasa. Dada wa Kibokoni, kwa mzee kama yeye tukate tiketi ya daraja gani?

MwanaKibokoni:
Nimesoma hapo kwa Gelai nikalia, dada. Mpe baba salamu.

Kateni daraja la kwanza. Lile la kawaida mnakaa mkitazamana, magoti kwa magoti na mtu usiyemjua, saa tano au sita, hatastahimili. Tiketi huisha upesi, hasa siku za likizo, basi zichukueni mapema. Na muwe Syokimau, stesheni ya SGR ya Nairobi, saa moja kabla ya treni kuondoka, kwa sababu ukaguzi wa mizigo ni mrefu na mzee hafai kukimbizwa. Mkishuka Miritini, stesheni ya Mombasa, mniambie, nyumbani kwetu Kibokoni pana chumba cha chini, hakina ngazi.