Kengele ya vifaranga inayotumia betri: je, ni lazima ipimwe mawimbi kabla ya kuuzwa Marekani?

Muundaji wa Kariobangi: Wakuu, naomba ushauri kwa sababu muda umenibana. Ninaunda kengele ndogo inayolia joto la banda la vifaranga linaposhuka, na mnunuzi aliyeko Marekani ameagiza shehena ya kwanza. Nimesoma kwamba Sehemu ya 15 ya kanuni za FCC, yaani tume ya mawasiliano ya Marekani, husamehe kifaa cha betri ambacho masafa yake hayafiki megahetsi 1.705. Chipu yangu inayoendesha kengele, ATtiny85, inafanya kazi kwa megahetsi 1. Nikisafirisha bila kupima, nitakuwa salama?

Mama Kuku wa Ruai: Hongera, mwanangu. Baridi ya Julai iliwahi kunimalizia vifaranga kabla sijaamka. Kabla ya Wamarekani, sisi tutauziwa kwa bei gani?

Baba Redio: Mpangaji wa jirani alinunua balbu ya LED ya bei nafuu, na tangu hapo redio yangu hunguruma kila anapowasha taa. Kosa ni la saketi ya ndani, ambayo huwasha na kuzima mkondo maelfu ya mara kwa sekunde na kuzaa mawimbi yanayoweza kupanda hadi kwenye masafa ya FM, yaani megahetsi 88 hadi 108. Pima tu, uwe umesamehewa au la. Kumkosesha jirani taarifa ya habari ni dhambi.

Mhandisi Mstaafu: Ndugu, umenukuu nusu ya kanuni. Masafa yanayozalishwa na yale yanayotumika yote mawili yawe chini ya 1.705, na kifaa kisiwe na njia ya kufanya kazi kikiwa kimeunganishwa na umeme wa ukutani. Saa ya ndani ya chipu yako, yaani mapigo yanayoiongoza, ni ya megahetsi ngapi, na betri unaichajije?

Muundaji wa Kariobangi: Saa ni ya megahetsi 8, kisha hugawanywa kwa 8. Betri huchajiwa kwa tundu la USB, jambo ambalo sikuona haja ya kulitaja kwa kuwa maandishi kwenye boksi yanamwagiza mteja azime kifaa kwanza. Maboksi yameshachapishwa, na malipo ya awali nimeyapokea.

Mhandisi Mstaafu: Basi umekosa masharti yote mawili. Megahetsi 8 zinazalishwa hata kama hazitumiki, na chaja inayoruhusu kifaa kufanya kazi huku kikichajiwa huondoa msamaha, boksi liseme lisemalo. Ukipima, mawimbi yanayosambaa hewani hupimwa kuanzia megahetsi 30, na yale yanayorudi kwenye waya za umeme kati ya kilohetsi 150 na megahetsi 30. Baada ya hapo unaweza kufuata utaratibu wa tamko la mtoa bidhaa, yaani mtoa bidhaa mwenyewe kutangaza kwamba kifaa kinatimiza kanuni, ila mhusika anayebeba wajibu wa tamko hilo lazima awe Marekani. Mnunuzi wako amekubali kuubeba?

Mkaguzi wa Githurai: Mimi naishuku hadithi hii. Mtu aliyekwisha kuchapisha maboksi na kupokea fedha haulizi swali la hatua ya kwanza, tena akatoa kila jibu baada ya kubanwa. Huyu ni mwanafunzi anayetafutiwa majibu ya insha yake. Kama kifaa kipo, atuambie sauti inatolewa na nini.

Baba Redio: Kama ni insha, Mhandisi amepata alama zote.

Muundaji wa Kariobangi: Inatolewa na piezo, kisahani kinachotetemeka na kulia kikipitishiwa umeme. Volti 3.7 za betri hupandishwa hadi 12 na saketi ya MT3608, kwa sababu bila hivyo mlio haufiki nyumbani kutoka bandani. Saketi hiyo hukata mkondo kwa megahetsi 1.2.

Mkaguzi wa Githurai: Sasa naamini bodi ipo. Maboksi bado siyaamini.

Mhandisi Mstaafu: Megahetsi 1.2 ziko chini ya mpaka. Chipu hiyo pia ina saa ya ndani ya kilohetsi 128, ambayo inatosha kusoma joto. Itumie hiyo, kisha uweke transista, yaani swichi ya kielektroniki, itakayokata umeme wa saketi nzima mara tu waya wa USB unapochomekwa. Hapo msamaha unaweza kusimama, ingawa kifaa kilichosamehewa nacho kikivuruga mawasiliano ya mtu, mwenyewe ataamriwa akizime. Na usije ukaongeza Bluetooth, maana hapo kitakuwa kinasambaza mawimbi kwa makusudi, na hata hapa Kenya itakubidi uanze na idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Muundaji wa Kariobangi: Saa nitabadilisha leo. Transista itanilazimu kuchora bodi upya, kwa hiyo nitamwandikia mnunuzi kwanza nijue kama atakubali kusubiri. Maboksi sitayatupa, nitayabandika karatasi.