Naomba ushauri: tuwapokeeje mwaka wa kwanza wa sheria?

Wakuu, habari zenu. Nipo mwaka wa tatu sheria, chuo kimoja hapa Dar, na nimepewa kazi ya kuandaa mapokezi ya wanafunzi wapya. Kila mwaka ni yale yale: wakili mwenye jina anakuja na suti yake, anashusha Kiingereza kizito saa nzima, basi. Safari hii tuna dada asiyeona, mama mtu mzima aliyerudi shule, na vijana wa shule za kata wasio na hata ndugu mmoja mwanasheria. Nataka waone joho la wakili ni lao pia. Mwanamke kama Julie Manning alikuwa Waziri wa Sheria hapa Tanzania tangu 1975, lakini wengi darasani hawajawahi kumsikia.

Sheria ya 2021 imefanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, ila mihadhara yetu bado ni Kiingereza. Je, semina tuiendeshe kwa Kiswahili? Walimu wengine watanuna, najua. Na huyo dada, kesi anazipataje kwa namna ambayo simu itamsomea? Zetu nyingi ni fotokopi zilizofifia.

Mawakili mliomo humu, mngependa kuambiwa nini wiki ya kwanza? Bajeti ni ya soda na maji tu.