Msaada wakuu: kwenye Ajaili (Agile, mtindo wa kutengeneza programu kwa hatua fupi fupi) nyaraka haziandikwi? Mtihani Jumamosi

Kijana wa Chumbageni:
Wakuu, niko Tanga, natengeneza programu. Jumamosi nafanya mtihani wa PSM I, cheti cha Skramu (Scrum, njia mojawapo ya kufanya kazi kwa Ajaili): maswali 80, dakika 60, usipofikisha asilimia 85 umeanguka. Kinachoninyima usingizi ni nyaraka. Ilani ya Ajaili ya 2001 inathamini programu inayofanya kazi kuliko nyaraka za kina. Nikiulizwa, nijibu hazihitajiki?

Mama Wawili:
Usijibu hivyo mdogo wangu. Ilani ina sentensi ya mwisho ambayo wengi hawaifikii: hivyo vingine, nyaraka zikiwemo, navyo vina thamani, ila hivi tunavithamini zaidi. Halafu mtihani wenyewe ni wa Skramu. Soma Mwongozo wa Skramu wa 2020, shika vigezo vya kazi kukamilika. Timu ikiweka humo kwamba maelezo ya matumizi yaandikwe, bila hayo kazi haijaisha.

Baharia Mstaafu:
Asilimia 85! Mimi leseni ya gari nilirudia mara tatu, mpaka mwalimu akawa ananiita shemeji.

Mtoto wa Pongwe:
Swali la mtihani tu ndilo likukoseshe usingizi? Kuna kitu hujasema.

Kijana wa Chumbageni:
Sawa. Mwisho wa mwezi nahamia Dar, nimepata kazi. Programu yangu inasoma mizani ya marobota ya mkonge ghalani, na anayebaki ni dogo mmoja. Tajiri aliomba maandishi ya makabidhiano, nikamwambia Ajaili haina mambo hayo. Ila msimbo wangu unasomeka, na nyaraka huchakaa, mnajua wenyewe.

Mzee wa Mabawa:
Umemdanganya anayekulisha. Marehemu baba alikuwa karani wa stoo. Alipostaafu, aliyempokea alisoma daftari lake siku mbili, siku ya tatu akafungua stoo peke yake.

Pweza Mkavu:
Hii chai. Mwezi uliopita ulisema uko Bagamoyo unauza simu. Leo mkonge?

Kijana wa Chumbageni:
Bagamoyo nilimshikia mjomba duka wakati wa likizo. Njoo ghalani uone karatasi niliyobandika juu ya kaunta: "Umeme ukirudi, washa kompyuta kwanza, mizani baadaye." Ukianza na mizani, robota la mwisho linaandikwa mara mbili.

Mama Wawili:
Si hiyo ndiyo nyaraka! Andika ukurasa mmoja usiku huu. Kesho mpe dogo, awashe kila kitu kwa kuufuata, wewe usifungue mdomo. Akikwama, hapo ndipo pa kuongeza.

Kijana wa Chumbageni:
Mrejesho: tumejaribu asubuhi. Kakwama mstari wa pili. Sikuandika nakala ya data ya kila jioni inahifadhiwa wapi, ilikuwa kichwani mwangu tu. Tajiri nimemwomba nafasi ya kuonana naye saa kumi.