Naomba ushauri: dogo anatapika kila tukichuma tumbaku
Wakuu, niko Urambo, Tabora, msimu wa kuchuma tumbaku. Mdogo wangu akiingia shambani na umande, jioni anatapika, kichwa kinamuuma, kizunguzungu juu. Kapimwa malaria, hana, na sigara havuti. Ninavyoelewa, nikotini ya jani bichi huyeyuka kwenye umande na kupenya ngozi, kisha hukaa kwenye neva pale panapopokea asetilikolini (kemikali inayopitisha ujumbe wa neva). Ndipo tumbo na mapigo ya moyo vinavurugika. Baada ya saa kama mbili nikotini hupungua nusu mwilini, ila kesho anachuma tena! Mzee anasema atazoea tu. Mimi siafiki. Glovu za mpira zinavumilika kwenye jua hili? Au tusubiri umande ukauke kwenye majani? Na shemeji yenu mjamzito, anayefunga majani banini (banda la kukaushia tumbaku), nimtoe kabisa?