Cillian Murphy: kati ya hizi tatu niagize ipi?

Tandabelua: Wakuu, salaam. Nataka kuagiza filamu moja ya mwigizaji Cillian Murphy tuitazame kikundini. Nimebaki na Oppenheimer, The Wind That Shakes the Barley na Small Things Like These. Ipi?

Kabwela77: Kikundi cha nani? Wangapi? Mna muda gani, na mnatumia diski au mtandao? Ya kwanza ni dakika 180, ya pili 127, ya tatu 98. Bila hayo tunapiga ramli tu.

Mzee wa Projekta: Oppenheimer, tusizungushane. Ndiyo iliyompa Oscar ya mwigizaji bora mwaka 2024, wa kwanza mzaliwa wa Ayalandi kuipata.

MamaJukwaa: Tuzo haimfundishi mtu kuigiza. Huyu katokea jukwaani: mji wa Cork, Ayalandi, 1996, mchezo wa Disco Pigs wa Enda Walsh, yeye na Eileen Walsh peke yao mbele ya watu. Sasa chukua Small Things: aliyeandika skripti ni Enda yuleyule, na mke wa Bill Furlong ni Eileen yuleyule. Bill, anayeigizwa na Murphy, ni muuza makaa wa mji wa New Ross, Ayalandi, 1985. Angalia anavyorudi nyumbani na kusugua vidole kwa brashi pale kwenye sinki. Hasemi kitu, na unajua kabisa kuwa kuna jambo amelikuta kule kwa masista.

Tandabelua: Samahani, niliruka hayo. Ni wanafunzi wa maigizo, kama 30. Ukumbi tunao saa mbili na nusu. Diski, mtandao wa hapa hautegemeki.

Kabwela77: Basi Oppenheimer imejitoa yenyewe.

Mzee wa Projekta: Igawe siku mbili!

Kabwela77: Uikate wapi? Sehemu za rangi ni macho ya Oppenheimer, nyeusi na nyeupe ni za hasimu wake Strauss, na zinapishana mpaka mwisho. Wa siku ya pili watakuwa wameshapoteza uzi.

FundiDeki: Kabla ya kubishana, soma nyuma ya kasha. DVD hufungwa zichezwe kwenye kanda moja ya dunia tu: za Ayalandi na Uingereza ni kanda ya 2, Afrika Mashariki ni kanda ya 5. Kuna kikundi kiliagiza DVD kutoka Dublin, deki ikaikataa watu wakiwa wameshakaa. Wakahamia kwenye kompyuta, nayo ikaomba kubadilisha kanda. Kompyuta inaruhusu mara tano tu, ya tano inaganda hapohapo, na mwenye nayo alikuwa ameshazimaliza. Mwisho wakapata deki ya kanda zote, ndipo wakagundua diski haina maandishi ya chini, na lafudhi ya Cork ikawaacha nusu ya ukumbi hoi. Chukua Blu-ray ya kanda B, Ulaya na Afrika ni moja. Na diski ya dukani ni ya kutazama nyumbani tu. Kwa ukumbi, omba ruhusa ya msambazaji.

Njiwa Manga: Mimi The Wind. Mwongozaji wake, Ken Loach, hupiga picha kwa mpangilio wa hadithi, na waigizaji hupewa skripti kidogokidogo. Ugomvi wa Damien (ndiye Murphy) na kaka yake Teddy juu ya mkataba wa 1921 kati ya Ayalandi na Uingereza unaanza taratibu, hauigizwi toka mwanzo. Kwa wanafunzi hilo ni somo tosha. Palme d'Or ya 2006 pia, tuzo kuu ya tamasha la Cannes.

MamaJukwaa: Mbona mmerudi kwenye tuzo?

Mzee wa Projekta: Ila hapo niliposema Murphy ni wa kwanza, na Daniel Day-Lewis, mwenye Oscar tatu, je?

Njiwa Manga: Kazaliwa London, uraia wa Ayalandi kaupata 1993. Ukitaka mzaliwa aliyetangulia, Barry Fitzgerald wa Dublin, kutoka Abbey Theatre. Alipata Oscar ya mwigizaji msaidizi 1945, na kwa uhusika huohuo alishindania pia ya mwigizaji bora. Baadaye kanuni ikabadilishwa kuzuia hilo.

Kabwela77: Sanamu yake ya Oscar ilikuwa ya plasta, wakati wa vita. Aliikata kichwa akijizoeza gofu ndani.

FundiDeki: Mleta mada, deki yenu inasoma Blu-ray au DVD tu?