Corolla imechoka miguu: shokapu mpya, mtumba kamili au bushi kwanza? Nafunga mwenyewe nyumbani

Kijana wa Kihonda
Wakuu, habari za jioni. Gari yangu Corolla imechoka miguu (shokapu na viungo vinavyoshika tairi). Nikipita tuta inagonga mbele, na kwenye barabara ya vumbi ndio usiseme, dashibodi nzima inatetemeka. Nimepania kuifunga mwenyewe nyumbani, gereji zimenichosha. Nina njia tatu: kununua shokapu mpya nne, au kuchukua miguu ya mtumba wa Japani iliyo kamili (shokapu, springi na mauntingi yake, yaani kile kikalio cha mpira cha juu), au kuziacha shokapu kwanza nibadilishe bushi (mipira ya kwenye maungio) na bolijointi (kiungo cha mpira wa chuma kinachogeuka na tairi). Jumamosi nashuka Dar, nataka nirudi na mzigo. Kipi bora? Nawasilisha.

Spana 17
Mkuu, Corolla ipi? Toyota wanatengeneza Corolla tangu 1966. Fungua boneti, soma kile kibati, andika hapa herufi na namba. Halafu inagonga upande gani? Inagonga kwenye tuta tu au hata ukikata stelingi? Kuna shokapu inayovuja? Tairi zinalika wapi? Una jeki gani? Usipotuambia hayo tutakuwa tunapiga ramli.

Mpiga Gia
Na bajeti. Watu wanaomba ushauri bila kutaja mfuko.

Dada wa Uyole
Wakati tunamsubiri, mimi nasema mtumba usiuguse. Mpira unazeeka hata gari likiwa limepaki. Mguu uliotolewa kwenye gari la miaka ishirini na kitu una mauntingi ya umri huohuo. Nunua mpya, ulale.

Gerezani Damu
Dada, hujui unachokataa. Mtumba wa Japani umetembea kwenye lami laini, na ni kile kifaa kilichotoka na gari kiwandani. Hizo mpya za bei chee za madukani wanazoziita mpya, nyingi hazifiki hata nusu ya uhai wa mtumba mzuri.

Kijana wa Kihonda
Samahani wakuu, nilikuwa njiani. Ni AE110 ya 1998, injini 5A, gia za mkono. Inagonga zaidi mbele kushoto, na shokapu ya upande huo imelowa mafuta. Nyuma kulia imeshuka kidogo. Tairi za mbele zinalika upande wa ndani. Bajeti ni laki nne na nusu. Nina seti ya spana na jeki ya chupa. Nyumbani Kihonda, Morogoro, shamba Mikese, kwa hiyo ni lami halafu vumbi na mashimo.

Spana 17
Sasa tunaongea. Shokapu iliyolowa inabadilishwa, hilo halina mjadala, na inabadilishwa pamoja na mwenzake wa upande wa pili. Ukifunga moja mpya na moja ya zamani, gari litakusumbua ukikanyaga breki kwenye mashimo.

Lakini kugonga na kuvuja ni vitu viwili. Shokapu iliyokufa hufanya gari lidunde na kuyumba. Mlio wa "ko, ko" mara nyingi unatoka kwenye linki za stablaiza (nondo inayozuia gari kulala kwenye kona) kama gari yako inazo, mauntingi, bolijointi au bushi za loa amu (mkono wa chini unaoshika tairi). Kabla hujapanda basi Jumamosi, pima. Inua tairi la mbele liwe hewani, lishike juu na chini ulitikise. Likicheza ni bolijointi au beringi ya tairi. Lishike kushoto na kulia: likicheza ni tairodi au reki, vile vinavyogeuza tairi ukikata stelingi. Halafu ingiza mtarimbo kati ya loa amu na fremu, sukuma kidogo huku unaangalia bushi. Ikifungua mdomo, imekwisha. Mwisho, gari likiwa chini, mwambie mtu azungushe stelingi kulia na kushoto wewe umeweka mkono kwenye springi. Springi ikishtuka na kuruka badala ya kuzunguka taratibu, beringi ya mauntingi imekufa.

Tairi kulika ndani kwa gari lenye mlio, mimi nashuku bushi kubwa za nyuma za loa amu. Zikichoka, tairi linahama kila ukifunga breki, na hakuna alaimenti (kunyoosha tairi) itakayokaa.

Mpiga Gia
Kwa laki nne na nusu, shokapu nne mpya za maana pamoja na bushi na bolijointi hazitaenea. Lazima achague.

Gerezani Damu
Ndio maana nasema mtumba kamili. Hebu fikirieni mtu anayefunga nyumbani. Ukinunua shokapu tupu, lazima uitoe springi kwenye mguu wa zamani, na springi ya gari ikifyatuka inaua. Mguu kamili unatoa nati tatu za juu, bolti mbili za chini, unachomoa, unachomeka mwingine. Kazi ya asubuhi moja. Cha muhimu ni kuchagua dukani. Ibonyeze shokapu kwa mkono, ikirudi yenyewe ni nzima, isiporudi imekufa, iache hapohapo.

Dada wa Uyole
Hapo kwenye kurudi yenyewe umempotosha. Shokapu ya gesi ndiyo inayorudi yenyewe. Ya mafuta matupu hairudi hata ikiwa mpya kabisa. Chukua KYB: Excel-G ina gesi, ukiibonyeza inapanda polepole, Premium ni ya mafuta, inabaki ulipoiacha, na zote ni nzima. Unachopima ni uzito. Ivute na kuisukuma mwendo wake wote. Iwe nzito muda wote, isiwe na sehemu ambapo mkono unapita bure kama hakuna kitu ndani. Angalia pia nondo yake: ikiwa na kutu au mkwaruzo itakata sili na utaanza kuona mafuta upya.

Na ukinunua mpya, isimamishe wima, ivute na kuisukuma mara kadhaa kabla ya kuifunga. Ilikuwa imelala kwenye boksi, hewa inaingia upande wa mafuta. Wasiojua hilo wanarudisha dukani shokapu nzima wakisema ni mbovu.

Gerezani Damu
Hilo la gesi nakubali. Mtumba bado siuachi.

Baba Nasra
Mkuu wa Kihonda, kabla hujashika spana soma hapa, nisingependa yakukute.

Nilikuwa na 110 kama yako, rangi ya fedha. Nikanunua bushi nzuri za loa amu, kubwa na ndogo, zenye namba sahihi, nikampelekea fundi mmoja anayesifiwa mtaani. Akatoa loa amu zote mbili, akapeleka presi, bushi zikaingia vizuri kabisa, nilikuwepo nikiangalia. Akarudisha loa amu, gari likiwa juu ya jeki, matairi yananing'inia. Hapohapo akakaza bolti zote hadi mwisho kwa bomba refu, akafunga tairi, akashusha. Gari likatulia, nikamlipa kwa furaha.

Msimu wa mvua haukuisha mlio ukarudi. Fundi akasema bushi nilizonunua ni feki. Nikaenda dukani kugombana na muuzaji, tukatoleana maneno mbele ya wateja. Muuzaji, mtu mzima, akaniomba tuingie chini ya gari. Akanionyesha bushi ilivyochanika: ule mpira umekatika kwa kuzunguka, kama nguo iliyokamuliwa. Akaniuliza, "Fundi wako alikaza gari likiwa wapi?"

Nikaelewa pale. Bushi ya loa amu haizunguki kwenye bolti. Bomba lake la ndani linabanwa na bolti, na mpira wenyewe ndio unaojikunja mguu ukipanda na kushuka. Ukikaza mguu ukiwa umening'inia, unaifundisha bushi kwamba kule chini ndiko nyumbani. Ukishusha gari, inakuwa imejikunja siku nzima hata likiwa limepaki. Barabara mbovu inaimalizia.

Kwa hiyo chomeka bolti, zishike kwa mkono tu, shusha gari lisimame kwa uzito wake, lisukume mbele na nyuma, kisha ndio ukaze. Nafasi chini ni ndogo, ndiyo. Tafuta sehemu yenye mfereji au panda juu ya mbao nne nene. Nilinunua bushi mara mbili na nilimkosea heshima mzee wa watu kwa sababu ya jambo hili.

Spana 17
Huo ndio ujumbe wa uzi mzima huu. Mafundi wengi wanakosea hapo. Hata mikono ya nyuma ya 110 ni hivyohivyo, zile bushi nazo zinakazwa gari likiwa chini.

Makanika wa Nairobi
Salamu kutoka Nairobi. Huku 110 bado ziko barabarani nyingi, za zamani zote, maana gari lililozidi miaka minane haliruhusiwi kuingia nchini. Mimi nilihamia bushi za poliyurethane (plastiki ngumu). Hazichaniki kama mpira, stelingi inakuwa kali, na zinaingia kwa mkono bila presi. Kwa mtu wa nyumbani hilo ni jambo kubwa.

Dada wa Uyole
Na mlio wake je? Zinahitaji grisi yake maalumu, ikikauka zinalia kama kitanda cha chuma. Tena zinapeleka kila shimo moja kwa moja kwenye bodi. Kwa barabara ya Mikese sipendekezi.

Makanika wa Nairobi
Ukipaka grisi vizuri hazilii. Zangu hazijawahi kulia.

Mwanakijiji 2
Mbona mnapoteza hela? Kuna mafundi wanachonga bushi kwa tairi kuukuu. Sisi huku tunatembea nazo kwenye gari za mizigo miaka.

Spana 17
Kwenye linki za pikapu ya shamba, sawa. Kwenye loa amu ya gari linalokimbia barabara ya Dar, hapana. Tairi lina nyuzi ndani, halikunjiki kama mpira wa bushi, na bushi hiyo ndiyo inayoshika tairi lako unapofunga breki mbele ya lori. Mimi siwezi kumshauri mtu mwenye familia afunge kitu hicho.

Mwanakijiji 2
Basi yaishe, kila mtu na barabara yake.

Kijana wa Kihonda
Nimejifunza mengi. Sasa kwa kuwa nyuma imeshuka, je nikiweka spesa za kuinua (vipande vya kuongezea urefu kwenye springi) si itatosha? Jirani kaweka kwenye Toyota IST yake, imenyanyuka vizuri.

Mpiga Gia
Spesa hazitibu springi iliyochoka. Nyuma kulia peke yake imeshuka, hiyo springi imelegea au imekatika ncha ya chini. Tazama mzunguko wa mwisho pale inapokaa, mara nyingi ndipo inapokatikia kwa kutu.

IST Nyekundu
Msiziseme vibaya spesa. Nina IST, nimeweka, silambi tena matuta. Zimenisaidia sana.

Dada wa Uyole
IST Nyekundu, hazijakatazwa. Ila ukiinua mbele, sivi jointi (viungo vya ekseli inayozungusha tairi) zinafanya kazi kwa pembe kali zaidi na shokapu inafika mwisho wa mwendo wake mapema tairi likidondoka shimoni. Uliweka nchi ngapi? Ulipiga alaimenti baada ya hapo?

IST Nyekundu
Mbele na nyuma sawa, fundi ndiye anajua kipimo. Alaimenti bado.

Spana 17
Turudi kwa mwenye uzi. Hiyo jeki ya chupa ni ya kuinulia tu, usiingie chini ya gari ukiitegemea. Tafuta stendi mbili, na kama huna, magogo mapana ya mti mgumu. Tofali la saruji usiliweke kabisa, linapasuka bila kukuonya. Kalipa (kile kibano cha breki) isining'inie kwa mpira wa breki, ifunge kwa waya kwenye springi. Nyuma, nati za juu ziko ndani, utatoa kiti. Nati za tairi kaza kwa Nm 103 kama unapata spana ya kipimo.

Kuhusu springi: ukinunua shokapu tupu, wapelekee wenye mashine ya kubana springi wakubadilishie mezani. Nyumbani utoe na kurudisha mguu tu. Usimruhusu mtu afunge springi kwa waya wala kamba.

Namba za kuulizia dukani: shokapu za mbele zinaanza 48510 kulia na 48520 kushoto, mauntingi 48609, bushi za loa amu 48654 na 48655. Kwa bolijointi na tairodi mimi natumia 555 za Japani, lakini fungua macho, feki zake zimejaa.

Gerezani Damu
Springi ya nyuma utaipata wapi peke yake kama si mtumba? Naona mnarudi kwangu kidogo kidogo.

Dada wa Uyole
Springi ya mtumba sina tatizo nayo, ni chuma. Mauntingi na bushi ndizo nilizokataa.

Kijana wa Kihonda
Nimeingia na mtarimbo leo jioni. Bushi kubwa ya kushoto imefungua mdomo kabisa, ya kulia ina ufa. Linki za stablaiza sijaziona, labda haina. Bolijointi kulia inacheza kidogo sana, sijui kama ni bolijointi au beringi. Nawaza mbele shokapu mpya mbili na bushi, nyuma mtumba kamili. Au nyuma nisubiri mwezi ujao?

Baba Nasra
Kwenye ile ya kulia mwambie mtu akanyage breki, kisha tikisa tena. Kucheza kukiisha ni beringi, kukibaki ni bolijointi.

Gerezani Damu
Mtumba wa nyuma chukua sasahivi, Jumamosi uko Dar tayari, nauli ya kurudi ya nini?

Mpiga Gia
Nyuma asubiri. Mbele ndiko kwenye stelingi na breki.

Mama Spacio
Samahani wakuu kuingilia. Mimi Toyota Spacio yangu ya zamani inagonga nyuma nikibeba watu watano, nikiwa peke yangu kimya. Na hiyo ni bushi?

Spana 17
Spacio ya mwaka gani, dada? Na inagonga pande zote mbili au mmoja?