SHA (bima ya afya ya serikali ya Kenya): tuige nani, Rwanda ama Ghana?

muuza_omena_kondele: Jameni, Kisumu tulionjeshwa matibabu ya bure kwa yale majaribio ya 2018, sasa kwa SHA naambiwa nilipe ya mwaka mzima kwa mpigo, pesa natoa wapi? Nchi zingine hufanyaje?

nasi_kakamega: Pole mama. Rwanda maskini kabisa serikali huwalipia mutuelle, yaani bima yao ya afya ya jamii, wengine wanachanga kulingana na uwezo.

boda_nakuru: Mi naona Ghana, bima yao inabebwa sana na ushuru wa 2.5% kwa bidhaa na huduma, kwa hivyo hata asiye na mshahara anachangia akinunua kitu. Hapa mtu anakatwa 2.75% ya mshahara halafu akifika hosi anaambiwa dawa hakuna, nenda kemisti ya nje, hiyo inauma sana.

muuza_omena_kondele: Basi waturuhusu tulipe kila wiki kwa simu, mia mia tutaweza.